Alama ya kijani haitoshi: bakapu ya ofisi ndogo inapogoma

Ilikuwa tarehe 18, siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT, diski ya kompyuta ya mhasibu ilipokufa. Ofisi ni ya watu sita, hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyewawekea mtandao. Kila asubuhi programu ya bakapu, ile inayotunza nakala za akiba za mafaili, ilikuwa ikionyesha alama ya kijani, kwa hiyo nilimwambia yule mhasibu, "Usijali dada, vyote viko kwenye seva." Tulipofungua folda ya nakala kwenye seva hiyo, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya ofisi, faili jipya kuliko yote lilikuwa la miezi mitatu nyuma.

Programu haikuharibika. Mhasibu alikuwa amehamishia vitabu vyake kwenye folda mpya, na hakuna aliyeiambia bakapu. Ikaendelea kukagua folda ya zamani kila usiku, ikikuta hakuna kilichobadilika, ikaandika kwamba kazi imekamilika. Tulikesha tukiingiza upya miamala kutoka kwenye risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) na taarifa za benki. Dada yule hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachotazama ni ukubwa wa nakala na tarehe ya faili la mwisho ndani yake. Ofisi inayofanya kazi kila siku haiwezi kuwa na nakala isiyoongezeka wiki nzima.

Bakapu ikigoma kabisa, mafundi wengi hukimbilia kuifuta programu na kuiweka upya. Nakusihi usianzie huko. Anzia chini, kwenye umeme na waya, ndipo upande kwenye anwani, ruhusa na nafasi.

Umeme ndio unaotusumbua zaidi. Mtu wa mwisho kutoka huzima swichi kuu kwa nia njema ili kuokoa LUKU, na kazi iliyopangwa usiku haifanyiki. Kagua na saa yenyewe. Nimekuta ofisi ambako bosi alisema bakapu iwe saa nane usiku, aliyeiweka akaandika 08:00. Hiyo ni saa mbili asubuhi, watu wanawasha kompyuta. Mtandao ulikuwa mzito kila asubuhi, na mafaili yaliyokuwa wazi yakirukwa. Ilitakiwa 02:00.

Umeme ukikatika na kurudi, rauta, kifaa kinachogawa mtandao, inaweza kugawa upya anwani, yaani namba za kutambulisha kila kompyuta. Jana seva ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.34, na bakapu bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Ingia kwenye rauta uitengee seva anwani yake ya kudumu.

Waya nao usiudharau. Kasi ya megabiti 1000 inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Mguu wa kiti ukikata jozi moja, mara nyingi mtandao hushuka hadi 100 bila kulalamika, na intaneti inaonekana nzima. Lakini gigabaiti 300, ambazo waya mzima na diski nzuri vingezimaliza kwa saa moja hivi, sasa zinachukua karibu saa saba, na watu wanafika kazini kabla hazijaisha. Tazama kasi inayoonyeshwa kwenye kadi ya mtandao kabla hujailaumu seva.

Kwenye ruhusa ndiko ninakopoteza muda mwingi. Mtu anabadilisha nenosiri lake, au muda wake unaisha wenyewe (Windows huja na kikomo cha siku 42 kwa akaunti ambazo hazikuwekewa nenosiri la kudumu), na bakapu iliyokuwa ikitumia akaunti yake inafungiwa mlango. Au kazi imeelekezwa kwenye herufi Z, jina la mkato la folda ya seva, ambayo ipo tu mtumiaji huyo akiwa ameingia. Usiku hakuna aliyeingia, Z haipo. Andika njia kamili, kama \\seva\bakapu, na ufungue akaunti ya bakapu peke yake. Wafanyakazi wasiwe na ruhusa ya kuandika humo, kwa sababu kirusi cha kudai fidia hufunga kila kinachofikiwa na akaunti ya aliyekibofya, nakala zikiwemo.

Kama seva ni kisanduku cha zamani na kompyuta mpya hazikioni, huenda kinajua SMB1 tu, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili mtandaoni, ambayo Windows 10 ilianza kuiondoa kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Utashauriwa uiwashe tena. Mimi sikubali: WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, ilisambaa kwa kupitia mlango huohuo. Sasisha kisanduku, au kinunuliwe kingine.

Nafasi ni rahisi: diski ikijaa, futa nakala za zamani kwa utaratibu, na nakala nyingine moja ikae nje ya ofisi.

Siku hizi, kila Ijumaa saa tisa alasiri, mfanyakazi mmoja ananitajia faili lolote analolitaka, nami nalirejesha kutoka kwenye nakala akiwa amesimama pembeni yangu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mhasibu. Alichagua daftari la mauzo la mwezi uliopita, likafunguka, akahesabu mstari kwa mstari hadi mwisho, ndipo akarudi mezani kwake.