Barua kwa mwanangu: mdundo unaotokana na kuzuia

Mwanangu Rehema,

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unauliza: "Mama, kama kazi ya seli za kuzuia ni kuwanyamazisha wenzake, mdundo wa hipokampasi, ile sehemu ya kumbukumbu ubongoni, unatoka wapi?" Miaka yote niliyofundisha biolojia sikuwahi kuulizwa swali zuri hivi.

Unamkumbuka babu yako na wavuvi wenzake wakipandisha ngalawa mchangani? Mwimbishaji akitoa sauti, mikono yote hutulia kwanza, ndipo wanavuta kwa pamoja. Kila mtu angevuta kwa wakati wake, chombo kisingesogea hata shubiri.

Utulivu ule ndio kazi ya seli za kuzuia. Katika hipokampasi ya panya ni chache, kama moja tu kwa kila kumi. Lakini seli moja ya kikapu, aina mojawapo ya hizo za kuzuia, hugusa zaidi ya elfu ya seli za piramidi, zile seli kuu za kusisimua. Ikimwaga GABA, kemikali yake ya kunyamazisha, zote hunyamaza pamoja. GABA ikiisha nguvu, zote huwa tayari kufyatuka, yaani kutoa mpigo wa umeme, pamoja. Mwaka 1995 Cobb, Somogyi na wenzao walionyesha, kwenye vipande vya ubongo wa panya, kuwa seli moja tu ya kuzuia inaweza kupanga wakati wa kufyatuka kwa zile inazozigusa. Moja tu, mwanangu!

Mdundo wa thita, mipigo kama 4 hadi 12 kwa sekunde panya anapozunguka akichunguza, hupata msukumo pia kutoka septamu, sehemu nyingine ya ubongo. Freund na Antal walionyesha mwaka 1988 kwamba seli za GABA za huko huziendea seli za kuzuia za hipokampasi. Mzuiaji naye anazuiwa, na kila anapobanwa, seli za piramidi hupata nafasi.

Ninapopapenda zaidi ni hapa. Mwaka 2003 Klausberger, Somogyi na wenzao walikuta kwamba aina tatu za seli za kuzuia hufyatuka kila moja kwa zamu yake ndani ya wimbi lilelile la thita. Moja hushika mwili wa seli ya piramidi, nyingine mwanzo wa aksoni, ule uzi unaopeleka ishara, nyingine matawi ya mbali. Kwa hiyo lile neno "breki" uliloandika daftarini lifute, halitoshi.

Chora wimbi moja, uziweke zote tatu kila moja mahali pake. Ukija Idi nitaomba kuliona.

Mama yako