Kujaza risasi za bunduki ya shabaha

SWALI: Nimenunua bunduki ya shabaha iliyokwishatumika, na kibali ninacho. Nataka kujaza risasi zangu mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwishatumika. Ninunue mashine gani?

JIBU: Mashine iache kwanza, ndugu yangu. Hakikisha sheria ya kwenu inaruhusu kujaza, kisha mpelekee fundi wa bunduki akague chemba (pale risasi inapokaa) na kasiba. Piga risasi chache za kiwandani, uokote maganda uyatazame. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako, usiendelee: ganda linataka kukatika hapo.

Halafu pima mzunguko wa michirizo, ile mifereji ndani ya kasiba inayokizungusha kichwa cha risasi. Sukuma kitambaa kinachobana kwa ufito wa kusafishia unaozunguka, utie alama, uone ufito umesafiri inchi ngapi ukimaliza duara moja. Duara la inchi 12 hupenda vichwa vyepesi. La inchi 8 huhimili virefu na vizito. Risasi zikikosa shabaha, wengi hulaumu baruti kumbe kosa liko hapa.

Mashine ya hatua moja, inayofanya kazi moja kila unapovuta mkono wake, inakutosha. Fedha itakayobaki nunua mizani nzuri na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti. Anza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa, upande kidogo kidogo.

Mezani kaa na kopo moja tu la baruti. Mimi humulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa, maana niliwahi kukuta moja limejazwa mara mbili. Nilitetemeka. Hadi leo, mtu akinisemesha nikiwa kazini, naacha.