Akili mnemba inafanya kila kitu: mimi nimebaki wa nini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mfasiri, niko Tanga. Kwa miaka 19 nimelisha wanangu kwa kufasiri nyaraka za Kiingereza. Ilipoingia akili mnemba, wateja wakawa wananipa kazi iliyokwisha kufasiriwa na mashine niisahihishe kwa theluthi ya malipo. Mwaka huu hata hiyo imekatika. Nikishaswali Alfajiri narudi kulala, hakuna kinachoningoja. Kijana mmoja msikitini kwetu kasema: Adam alipewa cheo kwa kujua majina, sasa mashine inajua majina yote, basi cheo kimehama. Nilikosa la kumjibu. Je, napata dhambi kwa kujiona sina faida? Na pesa ya kusahihisha ni halali?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Pesa ni halali, madhali mwenye kazi anajua kuwa ni ya mashine na wewe umeisahihisha kweli. Ukimuuzia ya mashine kwa jina la mkono wako, huo ni ughushi.

Na huzuni si dhambi. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ni Nabii. Alichosema ni kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu masikitiko yake. Fanya hivyo hivyo.

Kilichoninyima usingizi ni maneno ya kijana huyo. Hii ni mara ya tatu nayasikia, na kila mara kwa mtu anayeswali safu ya mbele. Laiti angeirudia Suratul Baqara taratibu. Aya ya 30 Mola anawaambia Malaika kuwa anaweka khalifa katika ardhi. Majina yanakuja aya ya 31. Cheo kimetangulia, elimu imefuata! Tena hata hiyo elimu, Adam hakuivumbua: “akamfundisha”. Mtu hukirimiwa kisha akapewa zawadi. Atokee mwingine mwenye zawadi kama ile, kukirimiwa kwako kumefutwa na nani?

Turudi nyuma kidogo, kwenye neno la Malaika: sisi tunakusabihi na kukutakasa. Walisema kweli. Hawachoki, hawasinzii, hawakosei herufi. Ibada ilikuwa inafanyika tena vizuri kuliko ya kwetu, na hakukuwa na pengo lililosubiri kuzibwa na binadamu. Akatuumba hata hivyo. Kwa hiyo kuzidiwa uwezo si jambo lililoanza na kompyuta, tulizaliwa tumezidiwa. Aliyekuwa wa kwanza kupima thamani kwa kulinganisha kiumbe na kiumbe ni Iblis: “mimi ni bora kuliko yeye”. Kijana wako, Mungu amsamehe, ameazima mzani ule bila kujua ni wa nani.

Wako pia wanaokuliwaza kwa njia nyingine: usijali, mashine haina huruma, haina ubunifu, inakosea. Hawa nia yao njema, ila wanakujengea nyumba kwenye mchanga wa ufukweni. Ni kweli inakosea. Mimi mwenyewe niliiuliza programu moja suala la mirathi, ikanipa hadithi na namba yake. Nikafungua kitabu, hadithi haimo kabisa. Lakini sijengi hoja hapo, maana kesho wataitengeneza. Lee Sedol wa Korea Kusini, bingwa wa Go, mchezo wa kupanga kete ubaoni, alifungwa na mashine mwaka 2016, na 2019 akaacha mashindano kwa kuwa ameona kuna kisichoshindika. Ukiiweka thamani yako kwenye kile ambacho mashine haijakiweza, kila mwaka utahamia chumba kidogo zaidi.

Msikitini kwetu muadhini ni mzee aliyepita sabini. Siku nyingine kikohozi kinamkatia katikati ya “hayya alal falaah”, anasubiri, anameza mate, anaendelea. Vijana wakaleta rai tuwe tunafungulia adhana iliyorekodiwa, sauti ya Makka, nzuri, kwa dakika ileile. Tulikataa, wala si kwa kumwonea mzee huruma. Mafaqihi wa zama zetu wameeleza kuwa adhana ya kanda haitoshi, kwa sababu adhana ni ibada na ibada inataka nia ya mtu aliyekalifishwa, yaani aliyebebeshwa wajibu wa dini. Spika haina nia. Haitaulizwa kaburini. Mzee ataulizwa, na kwa ajili hiyo kikohozi chake kina uzito ambao sauti ile nzuri haina.

Zamani kule Siyu, kisiwani Pate karibu na Lamu, walikuwako mafundi wa kunakili Msahafu kwa kalamu ya mwanzi. Ikaja misahafu ya chapa kutoka ng'ambo, kazi ikawafia mikononi. Herufi walizoandika kwa nia njema, nani amewanyang'anya ujira wake? Na zako za miaka 19 ni hivyo hivyo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Anas: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mche ule hautaonwa tunda lake na mtu yeyote. Wanaodai kazi ina maana pale tu inapohitajika, watuambie nani anauhitaji mche huo.

Sasa sikiliza, hili si fatwa, ni la kaka kwa ndugu yake. Acha kulala baada ya Alfajiri. Kaa msikitini mpaka jua lichomoze, kisha toka, hata kama ni kwenda sokoni kununua mhogo. Usingizi ukizidi, ukaanza kuona afadhali ufe, mwambie mkeo na nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kama una deni la kulisha watoto na huna cha kulilipa, wewe ni katika waliotajwa kwenye aya ya Zaka, usione haya kwa imamu wako.

Halafu uliza mtaani kwenu ni wajane wangapi wana barua za mirathi na za mahakama wasizozielewa. Mashine inaweza kuwafasiria, naam. Lakini bibi yule hana simu, na akisomewa anataka mtu wa kumuuliza mara nne swali lilelile. Anza naye Alhamisi, baada ya Alasiri, na uende na miwani.