Maswali Yenu: Kitambaa Puani, Dakika Tatu za Simu na Buti Tupu

Sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya utekaji imerushwa, na maswali yamemiminika. Kwa ambaye hajaitazama: binti wa miaka 16 anazibwa pua kwa kitambaa nje ya ukumbi wa mazoezi, anazimia, anatupwa kwenye buti la gari. Watekaji wanataka dola milioni 1. Baba hataki polisi, mama anawaita kwa siri. Mwishoni gari linapatikana, buti linafunguliwa, na ndani mna kiatu kimoja tu. Jina la tamthilia tumeliacha makusudi, maana karibu kila mlichouliza kingeweza kuulizwa juu ya tamthilia yoyote ya aina hii.

SWALI: Inspekta alimwambia mama arudi baada ya saa 24. Kweli polisi husubiri siku nzima mtoto akipotea?

JIBU: Hapana, na hili ndilo kosa ambalo tungependa lisionekane tena kwenye runinga, kwa sababu wapo wanaoliamini na kukaa nyumbani wakihesabu saa. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Baada ya Amber Hagerman, msichana wa miaka 9, kutekwa na kuuawa huko Arlington, Texas, mwaka 1996, ukaanzishwa mfumo wa tahadhari wenye jina lake, unaotangaza haraka habari za mtoto aliyetekwa na gari linalotafutwa. Saa za mwanzo ndizo zenye mali: rekodi za kamera hazijafutwa, na mashahidi bado wanakumbuka rangi ya gari. Waandishi wanaing'ang'ania saa 24 kwa kuwa inampa mzazi sababu ya kuingia mtaani mwenyewe. Hapa sababu hiyo ilikuwepo tayari. Baba alionywa asiite polisi, basi.

SWALI: Fundi wa polisi alikuwa anaashiria “mweke kwenye simu, bado sekunde 20!” na mtekaji akakata. Mbona kila tamthilia wanakosa kwa sekunde chache hivi?

JIBU: Kwa sababu waandishi wamerithi simu ya zamani. Katika vituo vya simu vya mitambo, kila mazungumzo yalishikiliwa na swichi halisi za chuma. Fundi alilazimika kuifuata laini kutoka swichi hadi swichi, mara nyingine kutoka kituo hadi kituo, na mpigaji akikata swichi zinaachia na njia inapotea. Hapo dakika tatu zilikuwa na maana. Tangu mitambo ya kidijitali ishike nafasi, namba ya mpigaji, namba ya mpigiwa, saa na muda vinaandikwa na mtambo wenyewe. Mazungumzo ya sekunde 5 yanaacha alama sawa na ya saa nzima.

Kinachochelewesha siku hizi ni karatasi: kibali, ombi kwa kampuni ya simu, mtu wa zamu wa kulijibu. Na jibu likija, si nyukta nyekundu juu ya paa la nyumba. Mnara wa simu kwa kawaida hugawa eneo lake katika vipande vitatu vya nyuzi 120. Kwenye mtandao wa GSM (simu za kizazi cha pili, 2G), mtambo unaweza pia kukadiria umbali wa simu kutoka mnarani kwa hatua za mita 550 hivi. Chukua simu iliyo kilomita 5 kutoka mnarani: unachopewa ni ukanda uliopinda wenye urefu wa kilomita 10 na upana wa nusu kilomita. Karibu kilomita za mraba 6, na ndani yake nyumba zote, maghala yote, magari yote. GPS ya simu yenyewe ingepunguza eneo hilo hadi mita chache, lakini hiyo inataka simu iwe imewashwa na itoe taarifa.

Tena, yule mtekaji alivunja laini kwa mbwembwe akaweka mpya kwenye simu ileile. Kila simu ina namba yake ya IMEI, tarakimu 15, na mtandao unaiona hata laini ikibadilishwa. Tunadhani mwandishi anajua hilo na ameliweka akiba. Kama hajui, sehemu ya tatu au ya nne itakuwa ngumu kutazama.

SWALI: Dawa ya kwenye kitambaa inamzimisha mtu kwa sekunde ngapi hasa?

JIBU: Si kwa sekunde. Klorofomu, dawa ambayo tamthilia hizi huiweka kwenye kitambaa, ilianza kutumiwa na daktari James Young Simpson huko Edinburgh mwaka 1847 kuwapunguzia uchungu kina mama wanaojifungua, na madaktari waliofuata waliifahamu vizuri: mgonjwa aliyelala ametulia, tena akikubali, alihitaji dakika kadhaa za kuvuta mvuke. Anayepigana, anayegeuza shingo na kuvuta hewa ya pembeni, atachukua muda mrefu zaidi. Akizimia, lazima aendelee kupewa, la sivyo anaamka. Na aliyezimia hivyo ulimi unaweza kuziba njia ya hewa na mapigo ya moyo yakavurugika, ndiyo maana hospitali ziliachana nayo. Mtekaji anayetaka mateka wake awe hai hana sababu ya kuitumia.

Lawama yetu kubwa hapa si ya kitabibu. Kitambaa kinamnyang'anya binti nafasi yake. Sekunde tatu na amekuwa mzigo, hatujui angepiga kelele, angeuma, angetupa simu chini ya gari la jirani au angenyamaza kwa hesabu. Njia za mkato kama fundi wa simu tunazisamehe, maana zinaharakisha tu. Ile inayomfanya mhusika asiamue lolote ndiyo inayodhoofisha tamthilia, na tutairudia hoja hii kwenye swali la buti, kwa kuwa wengi mmelalamika juu yake.

SWALI: Alizinduka ndani ya buti, akawa analia tu. Magari mapya si yana kishikio cha kufungulia kwa ndani?

JIBU: Yanacho, kutegemea gari na soko lake. Marekani, magari madogo yenye buti yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2001 lazima yawe na kifaa cha kufungulia kutoka ndani ya buti. Mara nyingi ni kishikio kidogo kinachong'aa gizani, karibu na kitasa, chenye mchoro wa mtu anayeruka nje. Kukivuta hakuhitaji nguvu. Hatchback na station wagon hazina buti lililofungwa, kwa hiyo kanuni hiyo haiwahusu wenye magari hayo.

Gari la kwenye tamthilia linaonekana la miaka ya karibuni, na kamera ilikaa ndani ya buti muda mrefu bila kishikio kuonekana. Mwandishi alikuwa na njia nzuri tatu: atumie gari kuukuu, aonyeshe kishikio kimekatwa (ingetuambia kuwa watekaji wamejipanga), au amwache binti akivute na kukuta gari liko kwenye mwendo wa kasi barabara kuu, afungue au asubiri? Hiyo ya tatu ingekuwa dakika bora ya usiku ule. Binti anaamua, nasi tunashikilia viti.

SWALI: Baba alitoka benki na mkoba wa mkononi akisema ni milioni, noti za 20 kama walivyotaka. Zinaenea?

JIBU: Hazienei hata robo. Noti ya dola ina uzito wa gramu 1 hivi, iwe ya 1 au ya 100. Milioni kwa noti za 20 ni noti 50,000: kilo 50, mabunda 500 ya noti mia mia, na ujazo wa lita 56 hata ukiyapanga bila nafasi. Hilo ni sanduku kubwa la safari ambalo mtu wa makamo hatalipandisha ngazi akikimbia. Kwa noti za 100 ingekuwa kilo 10 na lita 11, hapo begi la mgongoni linatosha.

Mtekaji kutaka noti ndogo ni jambo la kuaminika, maana hazivuti macho dukani. Ila namba zake zinaweza kuandikwa zote, tena leo mashine inazisoma huku inahesabu. Mwaka 1932, mtoto wa rubani Charles Lindbergh alipotekwa, namba za kikombozi cha dola 50,000 ziliandikwa. Sehemu kubwa ya pesa hizo zilikuwa noti za dhahabu (noti za karatasi zilizodhaminiwa kwa dhahabu), ambazo mwaka uliofuata serikali iliamuru zirudishwe, zikawa adimu mitaani. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta alipokea moja ya dola 10, akaitilia shaka na kuandika pembeni yake namba ya gari la mteja. Ndivyo Bruno Hauptmann alivyopatikana.

SWALI: Mama alikubali bei yote mara moja na watekaji wakapandisha. Wataalamu wanafanyaje?

JIBU: Hapo tamthilia imepatia. Ukikubali haraka, umemwambia mtekaji kuwa aliomba kidogo. Polisi wa New York walianzisha kikosi cha wazungumzaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya mauaji ya Olimpiki ya Munich ya 1972, na mengi ya wanayofanya wenzao leo yametoka huko: mmoja anaongea, wa pili anasikiliza na kumwandikia vikaratasi, na anayeongea hapaswi kuwa mwenye kauli ya mwisho. “Lazima nimuulize mume wangu” inanunua saa mbili bila kumuudhi mtu. Kila nyongeza ya pesa iwe ndogo kuliko iliyopita, ili upande wa pili uhisi kisima kinakauka.

Kosa la mama lilikuwa kuridhika na picha. Picha inaweza kuwa ya jana. Huulizwa swali ambalo mateka peke yake ndiye anajua jibu, kama jina alilompa mwanasesere wake wa kwanza, na jibu likirudi sahihi, yu hai saa hiyo. Kuhusu baba kuficha: Italia, iliyosumbuliwa sana na utekaji, ilipitisha sheria mwaka 1991 ya kuzuia mali za familia ya aliyetekwa zisitumike kulipia. Familia huko zilikuwa na sababu nzito ya kutowaita polisi, nzito kuliko “usiite polisi” ya kwenye simu.

SWALI: Walivuta picha ya kamera ya mtaani hadi uso wa dereva ukaonekana safi. Inawezekana?

JIBU: Kama pikseli hazikuwepo, hazitokei. Kiwango cha Ulaya cha kamera za usalama kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili kumtambua mtu usiyemjua, na 125 kumtambua unayemfahamu. Kamera yenye upana wa pikseli 1,920 ikiangalia barabara ya mita 20 inatoa 96 tu. Uso wa sentimita 16 unaangukia pikseli 15. Programu za kisasa zitakuchorea uso mzuri kutokana na hizo 15, lakini utakuwa wa kubuni, si wa dereva.

SWALI: Nusu ya sehemu ilikuwa giza na maneno hayasikiki. Runinga yangu mbovu?

JIBU: Huenda ni mipangilio. Anza kwa kuzima hali ya kuokoa umeme na kihisi cha mwanga wa chumba. Hivyo viwili hufifisha skrini kimyakimya. Kisha chagua hali ya sinema, au Filmmaker Mode kama ipo (ilitangazwa 2019), ambayo pia huzima ule ulaini wa mwendo unaofanya tamthilia ifanane na taarifa ya habari. Bado giza? Pandisha Backlight (mwanga wa nyuma ya skrini), usiguse Brightness kwanza: kwenye runinga nyingi ile ya pili inageuza weusi kuwa kijivu na giza linabaki palepale. Ukiona weusi umekatika mistari kama ngazi, hiyo ni intaneti ndogo. Huduma nyingi zinataka kama megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD.

Sauti: maneno huwekwa kwenye spika ya katikati ya mfumo wa 5.1 (spika tano na moja ya besi), na runinga yenye spika mbili inayabana pamoja na muziki. Kwenye menyu ya sauti ya programu unayotazamia chagua stereo, kisha washa hali ya usiku. Hilo la pili hupunguza mlipuko na kuinua mnong'ono.

SWALI: Mwanzo walituonyesha baba ana damu mikononi, kisha “saa 30 kabla”. Si wameharibu utamu?

JIBU: Wamebadilisha swali tu: badala ya “nini kitatokea” tunauliza “damu ya nani”. Ujanja huu hufaa pale dakika za mwanzo ni za kifungua kinywa na kwenda shule, ambazo mtazamaji mwenye rimoti mkononi hazivumilii. Hapa haukuhitajika, binti anatekwa dakika ya 9. Na gharama yake ni kubwa, kwani kwa saa 30 zote hizo tunajua baba hafi.

SWALI: Mjomba ndiye aliyepanga?

JIBU: Angalia majina ya mwanzo. Mwigizaji anayetajwa wa pili au wa mwisho kwa “pamoja na”, halafu akapewa maneno manne tu, hakulipwa kwa ajili ya maneno manne. Mjomba ametajwa wa saba. Mwalimu wa mazoezi ametajwa wa pili.