Nilichagua klarineti kwa ajili ya mpingo

Kila mwaka pesa za korosho zikianza kuingia benki, simu yangu nayo huchangamka. Wazazi na vijana wanapiga wakiwa na swali lilelile: mwalimu, nikasomee chombo gani? Mmoja anaelekea TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, mwingine amepata nafasi shule ya muziki Dar, mwingine anataka tu awe anakuja Jumamosi hapa kwangu Chuno, Mtwara, tukae barazani. Siku hizi sijibu haraka. Swali hilo mimi nililijibu kwa dakika moja, na nusura niache muziki.

Siku ya kujiandikisha nilipewa fomu yenye orodha: kinanda, gita, besi, fidla, ngoma, tarumbeta, saksafoni, klarineti (chombo cha kupuliza, kama filimbi ndefu nyeusi). Mwalimu aliyekuwa anatupokea akasema, kama mtu anayepitisha muda tu, kwamba klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo huo unatoka kusini mwa Tanzania. Nikahisi kama nimeitwa jina. Mjomba wangu ni mchongaji. Nimekua nikifagia vumbi la mpingo uani kwake Mikindani, vumbi linaloingia puani mpaka ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Nikaweka alama ya vema palepale. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akipiga klarineti mbele yangu.

Nikapuliza mwaka mzima. Nilipomaliza nikanunua iliyotumika kwa sh. 350,000, nikapanda basi la alfajiri nayo mapajani, nikagoma kuiweka kwenye buti. Kesho yake asubuhi nikampelekea mjomba. Akavaa miwani, akaipima uzito mkononi, akaigonga kwa ukucha, akainusa.

"Mama, huu si mpingo."

"Mjomba, klarineti ni mpingo."

"Hii plastiki. Mpingo ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe. Lete ndoo."

Sikuleta ndoo. Nilijua amesema kweli. Klarineti nyingi za wanafunzi ni plastiki ngumu, na hakuna ubaya, maana plastiki haipasuki hali ya hewa ikibadilika. Za mpingo ni za wataalamu na bei yake ni ya wataalamu. Mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, tena gogo likishapasuliwa kinachofaa kwa klarineti ni kidogo, kwa sababu fundo au ufa mmoja unaharibu kipande kizima. (Vijiji kama Kikole, kule Kilwa, vinavuna mpingo wao kwa mpango, na msitu wao ulipata cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa bila kuharibiwa, mwaka 2009. Hayo nilipaswa kuyajua kabla ya kupeleka plastiki kwa mchongaji.)

Hata hivyo plastiki haikunikwamisha. Kilichonikwamisha ni ridi.

Klarineti inalia kwa ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa pale unapoweka mdomo. Mwanzi wenyewe unalimwa zaidi kusini mwa Ufaransa. Boksi moja lina ridi 10. Kwa uzoefu wangu tatu ni nzuri, nne za kuvumilia, zinazobaki chokolea meno. Ukipiga kila siku, baada ya wiki chache ridi imechoka na chombo kinaanza kupiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Shuleni nilikuwa nachukua ridi kabatini, sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi. Nilipofika Mtwara nikazunguka maduka yote niliyoyafahamu, nikaambulia nyuzi za gita. Ikawa natuma hela Dar, mtu anakwenda Kariakoo, anaweka mzigo kwenye basi, jioni naufuata stendi. Kuna siku nilifungua bahasha nikakuta ridi za saksafoni.

La pili ni wenzangu wa kupiga nao. Nilijiunga na kwaya parokiani. Klarineti ya kawaida ni ya B flati, yaani ukisoma nota C ukaipiga, sauti inayotoka ni B flati, hatua moja chini. Kwa hiyo mpiga kinanda akisema "tunaanza C," mimi natakiwa nianze D, na kila nota inayofuata niihamishe kichwani. Yeye wakitaka kupandisha wimbo anabonyeza kitufe kimoja. Mimi naanza hesabu upya huku waimbaji 30 wananitazama. Na hakuna hata mmoja wa kumlalamikia, kwa sababu hakuna mwingine mwenye chombo kama changu. Gita likikushinda mjini hapa utapata mtu wa kukuonyesha kabla jua halijazama.

Ndiyo maana mtu akiniuliza sasa, simuulizi anapenda chombo gani. Namuuliza: Jumanne saa mbili usiku, umetoka kazini, umeshakula, hicho chombo kiko wapi, nani anakisikia, na unapiga na nani?

Mwaka jana alikuja kijana wa bodaboda anataka saksafoni. Ameiona ukumbini, bibi harusi anaingia, saksafoni inalia, watu wote wamesimama na simu juu. Nikamuuliza analala wapi. Chumba cha kupanga Magomeni ya hapahapa Mtwara, nyumba ya vyumba sita, na jirani wa ukuta mmoja ni muuguzi wa zamu za usiku. Saksafoni haina kitufe cha kupunguza sauti, na ukiwa mwanafunzi ndiyo kwanza huwezi kuipiga kwa sauti ndogo. Kupuliza taratibu bila sauti kukatika ni ufundi wa baadaye. Nikampa gita langu bovubovu akae nalo wiki mbili. Siku ya kwanza alishika shingo kama anashika usukani wa pikipiki, kidole gumba kimetokeza juu, kiwiko kimepanuka. Baada ya siku nne akanionyesha ncha za vidole, nyekundu, mbili zina malengelenge. Nikamwambia hayo yanaisha, ngozi inakomaa. Wiki mbili zilipotimia hakulirudisha. Alikuwa hapigi kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, hata moja ya kueleweka, lakini nyuzi mbili za juu, zile nene, alikuwa anazitembeza kama besi, tena kwa mapigo yasiyoyumba. Leo anasomea besi. Asingeijua besi kwenye fomu, maana kwenye harusi hakuna anayeitazama.

Kwa hiyo kama shule uliyoiona inakuruhusu, usilipe ada kabla hujakaa na chombo angalau dakika 20. Kamata, puliza, gonga. Usisikilize kama kinatoa sauti nzuri, hakitatoa. Sikiliza kama hiyo sauti mbaya unaweza kukaa nayo miezi sita bila kuichukia. Fidla ya mwanafunzi ni adhabu kwa nyumba nzima. Kuna watu haiwasumbui hata kidogo, na hao ndio wa fidla. Uliza pia vyombo viko vingapi kwa wanafunzi wangapi, na kama unaruhusiwa kulala nacho. Nilikosoma mimi klarineti zilikuwa mbili, sisi watano. Hesabu mwenyewe mtu alikuwa anapiga dakika ngapi kwa siku.

Wanaokaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, wajue chumvi na unyevu wa hewani havichagui. Nyuzi za chuma zinapata kutu upesi, gundi ya gita la bei rahisi inalegea, daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, linaanza kunyanyuka. Ukiwa unaanza, chukua gita la nyuzi za nailoni: hazishiki kutu, na kwa vidole vipya ni laini. Ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu na ulirudishe kwenye begi. Mimi natupia humo vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kinanda ndicho wazazi wengi wanakitaka, na kwa mtoto wa miaka sita au saba naungana nao. Sauti inakuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na nota anaziona zimepangwa mbele yake. Tafuta chenye vibonye 61 vya ukubwa wa kawaida, ambacho ukibonyeza kwa nguvu kinasikika kwa nguvu, tena kinachokubali betri. Umeme tunaujua. Chombo cha kupuliza kisubiri meno ya mbele ya ukubwani yaote yakae sawa.

Halafu kuna ngoma, na hapa huwa nakasirika kidogo. Mzazi ananiambia, "Ngoma nayo nikalipie ada? Si ipo tu kijijini?" Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, alifundisha Bagamoyo akiwa na marimba na zeze za kwao Ugogo, na dunia ilimlipia tiketi kwenda kumsikiliza. Mwanafunzi wangu mwenye mapigo ya uhakika kuliko wote alianzia vinganga, ngoma ndogo, kwenye ngoma za kwao Newala. Alifika kwangu anajua kupasha ngozi motoni mpaka sauti ikae inapotakiwa. Huko nako ni kutyuni, ila bila mashine. Kinanda alikikuta kazi nyepesi kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshazoea kufanya kazi yake bila kuusubiri wa kulia. Kama una mtu wa hivyo kwenye ukoo wako, mwalimu wa kwanza unaye, tena hataki fomu.

Klarineti yangu sijaiuza. Kwaya napiga kinanda, hiyo naitoa Krismasi na siku ambazo ridi zimefika salama. Mwezi uliopita mjomba aliniomba kile kipande kifupi cha juu, kinachoungana na pale pa kuwekea mdomo, eti akichonge upya kwa mpingo wa kweli, walau sehemu hiyo iache kumwaibisha. Nikamwambia tundu la ndani lina kipimo chake, ukikosea kidogo tu chombo kizima kinatoka nje ya sauti. Akaniangalia juu ya miwani, akachomoa uzi kwenye kanzu yake, akaanza kupima.