Boksi limehama, jina limejirudia: maswali yenu kuhusu AtoM

Mwangaluka! Safari hii karibu wote mmeuliza kuhusu AtoM, ile programu huria ya kuorodhesha nyaraka za kale.

Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 hatuiamini tena stoo yetu ya chini. Tumepandisha maboksi 60 ghorofani. Je, tufungue kila faili kubadilisha mahali? (Kirumba)

Inategemea mliingizaje mwanzoni. Kwenye AtoM boksi lina rekodi yake yenyewe: jina, aina na mahali lilipo. Mafaili yanaunganishwa nayo tu. Boksi likiwa na mafaili 30, unafungua rekodi ya boksi mara moja, unaandika "Ghorofa ya kwanza, rafu C2", na yote 30 yamehama. Kwenu ni rekodi 60, si 1,800. Ila kama mliandika mahali ndani ya maelezo ya kila faili, poleni sana, hapo ni moja moja.

Angalieni na majina. Niliwahi kukuta "Boksi 1" manne ndani ya stoo moja, tukayashusha yote kutafuta kadi ya mkulima mmoja wa pamba. Tumieni kitu kama "USH-014", na rafu msiitie kwenye jina, kwa sababu kesho mtahama tena.

Mzee mmoja ametokea mara tatu: Mwandu, Ng'wandu na Ngwandu. Nifute mawili? (Magu)

Subiri kwanza! Ukifuta sasa, mafaili yatabaki lakini yatapoteza mwenyewe, na hutajua tena yapi yalikuwa yake.

Haya marudio yanazaliwa kirahisi. Unapoandika jina kwenye sehemu ya mtayarishaji (yaani mtu au ofisi iliyotoa nyaraka) bila kuchagua kwenye orodha inayojitokeza, programu inakutengenezea mtu mpya bila kukuuliza. Na sisi huku karani wa zamani aliandika alivyosikia. Mji wenyewe ni Mwanza kwenye ramani na Ng'wanza mdomoni.

Kwanza hakikisha ni mtu mmoja. Akina Mwandu ni wengi, kwa hiyo linganisha kijiji, kazi na miaka. Ukiridhika, chagua umbo moja liwe jina rasmi, mengine mawili yaandike humo humo kama majina mengine, ili anayetafuta "Ngwandu" naye afike. Hamisha viungo vya mafaili kimoja kimoja. Rekodi ikibaki tupu kabisa, ndipo uifute.

(Hiyo rekodi ya mtu au chama, wapo wanaoiita "rekodi ya mamlaka". Mimi nasema kadi ya jina; mamlaka huku tumezoea ya maji.)

Tuna nyaraka za ushirika wa pamba: za Victoria Federation of Co-operative Unions na za Nyanza Co-operative Union. Si chama kile kile? Kadi moja haitoshi? (Nyamagana)

Wazee wa pamba watakwambia ni kile kile. Kwenye kadi, hapana. Shirikisho la Victoria lilianza mwaka 1955, Nyanza ikashika nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudi 1984. Tengeneza kadi mbili, kila moja na miaka na historia yake, halafu ziunganishe kwa uhusiano wa kufuatana: hiki kilitangulia, hiki kikarithi. Historia ukiiandika kwenye kadi inajitokeza yenyewe katika maelezo ya nyaraka zilizounganishwa, huna haja ya kuinakili.

Na mafaili ya zamani ya Geita je, tuyaweke chini ya Mkoa wa Geita? (Sengerema)

Mkoa wa Geita ni wa 2012. Faili la ofisi ya mkoa la mwaka 1985 ni la Mkoa wa Mwanza, hata kama linazungumzia Geita tupu. Geita iweke kama mahali panapohusika.

Mgeni mtandaoni ataona boksi liko rafu ipi? (Bwiru)

Msimamizi anaweza kuficha hilo kwenye mipangilio. Usiniamini mimi wala yeye: toka kwenye akaunti yako, azima simu ya jirani, fungua ukurasa uone anachokiona.