Usilikate pipa hilo bado

Ndugu fundi, umeuliza kama pipa la lita 200 lililokuwa na dizeli unaweza kulikata kwa grenda utengeneze jiko, maadamu umelisuuza na kulianika siku nzima. Hapana, tafadhali usiliguse. Pipa tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake mvuke wa mafuta umeshachanganyika na hewa. Maji matupu hayaondoi dizeli. Mabaki hujificha kwenye mikunjo ya kitako na mfuniko, na joto la kukata huyageuza mvuke upya. Hapo cheche moja inatosha kulipasua. Pua nayo isikudanganye: kutosikia harufu si ushahidi.

Mimi ningenunua bati jipya, basi. Ukilazimika kutumia hilo, lipeleke kwa wenye vifaa vya kuliosha kwa mvuke wa maji ya moto na kipimo cha kuonyesha kama bado kuna gesi ndani.

Na hata kwa bati jipya, cheche zaweza kuruka mita 10 au zaidi. Ondoa matambara, rangi na mitungi ya gesi, weka ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza usifunge karakana ukaondoka; kaa saa nzima ukiangalia. Moto wa kufukuta huchelewa kujionyesha.